Namna ya Kuumaliza Muziki Wako Usenge Kabla Haujakumaliza

Mwongozo huu ni wa mtunzi mwenye kazi iliyokwama, na watunzi wa namna hiyo ni wengi. Amekwisha kuandika utungo wa ala tano: nyatiti, orutu, fidla, viola na selo. Sehemu zote nne zipo, kurasa zimejaa, mstari wa mwisho umechorwa kwa rula. Hata hivyo hajamaliza. Kila jioni hufungua daftari, hushusha noti moja, huipandisha tena, kisha hulala na hasira dhidi ya watu wasio na kosa lolote. Nyumbani kwake hata watoto wanaijua noti hiyo.

Tiba yake ipo Usenge, mji wa ufuoni katika Kaunti ya Siaya. Unatoka Kisumu, unapita Bondo, unaendelea hadi ardhi inapokwisha na Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, kuanza, hapo mashua za kwenda Kisiwa cha Mageta zinapopakia abiria. Mji huu haukujengewa ukumbi wa maonyesho ya fidla, lakini una kitu ambacho kumbi nyingi hazina: watu waliolelewa kumsikiliza mpigaji mmoja wa nyatiti kwa saa nyingi, wakalijua kila neno lake, na kumkatiza wanapoona inafaa. Tia alama hapo kwenye kumkatiza. Hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

Vifaa

Beba penseli moja na vifutio viwili. Beba vibanio vya nguo, dazeni nzima, kwa sababu utakazoziona mbele. Beba simu yenye nafasi ya kurekodi. Beba pesa ndogo ndogo, noti za shilingi hamsini na mia. Usibebe kamusi ya istilahi za muziki za Kitaliano. Jathum, yaani mpigaji wa nyatiti, haihitaji, na wapigaji wa fidla, viola na selo wanazikumbuka zile istilahi saba wanazozitumia.

Hatua ya 1: Izime kompyuta

Kompyuta ndiyo rafiki anayekusifu mno. Ukiiagiza ikupigie utungo wako, itaupiga bila kukosea. Upinde wake haufiki mwisho, vidole vyake havitoki jasho, na selo yake ina nguvu zilezile kwenye kipimo cha mia mbili kama ilivyokuwa kwenye cha kwanza. Nyatiti haimo ndani yake, kwa hiyo umeipa kinubi au gitaa kazi ya kuiigiza, na kwa muda mrefu sasa umekuwa ukirekebisha muziki wa ala ambayo hujaisikia.

Chapisha kila kitu kwenye karatasi. Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo, nayo ni ya usalama. Mwezi Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba inaacha kuiendeleza Finale, programu ambayo watunzi duniani kote walikuwa wameitegemea kwa miaka 35. Waliokuwa na kazi zao zote ndani yake walianza kukimbia huku na huku kutafuta namna ya kuzihamisha. Karatasi haijawahi kutangaza jambo kama hilo. Weka nakala ya PDF, weka nakala ya pili kwa rafiki, kisha funga kompyuta na usiifungue mpaka Hatua ya 9.

Hatua ya 2: Nenda dukani ukanunue nyuzi, kisha nyamaza

Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Leo wapigaji wengi hufunga nailoni, ileile inayouzwa kwa wavuvi. Usenge hutapata shida kuipata. Nunua ya unene tofauti tofauti, mpelekee jathum, na umwambie kwa heshima, "Jaduong', nimekuletea nyuzi. Naomba nikae nikuangalie ukizifunga."

Kisha kaa. Usimweleze chochote kuhusu utungo wako. Mwangalie anavyokaza uzi, anavyoimba kidogo, anavyoulegeza, anavyoimba tena. Anaipangia ala sauti yake ya koo, ya siku hiyo. Hana uma wa chuma wa kumpa noti ya kuanzia wala hauhitaji. Ukijaribu kumlazimisha alingane na piano ya chuoni kwenu, utapata nyatiti iliyonuna.

Sheria ya hatua hii ni fupi: mwenye uwezo wa kuhama, ahame. Fidla, viola na selo hazina vizuizi shingoni kama gitaa. Kidole kikisogea upana wa punje ya mtama, sauti husogea nacho. Orutu yenye uzi mmoja ni hivyohivyo. Ala nne kati ya tano zako zinaweza kumfuata mwenzao, na moja haiwezi. Basi zimfuate. Rekodi nyuzi nane za jathum, uzi mmoja mmoja, uziandike kwenye ukurasa wa kwanza wa nota, kisha pitia mistari ya ala nyingine ukiuliza noti ipi inagombana nazo. Nusu ya matatizo uliyodhani ni ya utunzi utayakuta hapo, nayo yatatatuliwa kwa sikio bila penseli.

Ukiona unachelewa, mkumbuke Eriko Mukoyama wa Japani, anayejulikana zaidi kwa jina la Anyango. Alikwenda kuishi kijijini Siaya ili afundishwe nyatiti na Okumu K'Orengo, ilhali ala hiyo kwa mila ilikuwa ya wanaume. Yeye alivuka bahari na mila. Wewe umetakiwa kukaa kwenye kigoda alasiri moja.

Hatua ya 3: Panga viti kabla ya kupanga noti

Hapa ndipo tungo nyingi za ala mchanganyiko zinapoharibika, na mtunzi hulaumu midundo yake bure.

Jathum huketi chini, kwenye kigoda kifupi, nyatiti ikiwa imelala ardhini mbele yake. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigongea ubao wa ala. Mguuni amefunga gara, njuga zinazolia kila anapotikisa. Wenzake nao huketi kwenye viti virefu vya kanisani, macho yakiwa kwenye karatasi. Matokeo yake wanne wanatazamana juu kwa juu na wa tano anatazama magoti yao.

Muziki wa ala chache hauna kondakta. Wapigaji huanza pamoja kwa kuonana wakivuta pumzi. Anayeketi chini ya upeo wa macho ya wenzake ataachwa nyuma kila mara, na wewe utaongeza alama, mishale na maneno ya msisitizo kwenye karatasi ili kutibu ugonjwa wa fanicha.

Nenda kwa fundi wa mashua, umwombe mbao zilizobaki, utengeneze jukwaa dogo la kumwinua jathum hadi macho yake yalingane na ya mpiga selo. Mbao zitafanya na kazi ya pili: zitaubeba mshindo wa mguu wake hadi kwa wenzake, nao watausikia kwa nyayo kabla ya masikio. Pigeni sehemu ya kwanza mkiwa mmekaa hivyo. Kisha futa alama zote ulizoziongeza kwa ajili ya kuingia pamoja. Hapo utaelewa kwa nini ulibeba vifutio viwili.

Hatua ya 4: Hesabu watu walio ndani ya mtu mmoja

Umeandika "ala tano" juu ya daftari. Hesabu upya. Mkono wa kulia wa jathum una mambo yake na mkono wa kushoto una yake. Pete ya kidoleni ni ngoma. Gara ni ngoma nyingine. Juu ya hayo yote anaimba. Mtu huyu mmoja ni kikundi kizima, na umemzungushia wengine wanne wenye shughuli nyingi, kila mmoja akiwa na noti za kutosha harusi mbili.

Noti ni omena, dagaa wa ziwa hili. Ukizianika kwa tabaka nene zitaoza kabla jua halijazifikia za chini. Ukizitandaza nyembamba, kila moja itakauka na kung'aa. Tandaza.

Fanya jaribio hili na usilionee aibu. Mwambie mpiga viola anyamaze, pigeni sehemu yote bila yeye. Kisha mwambie mpiga selo. Kisha orutu. Mahali ambapo hakuna aliyegundua kwamba mtu fulani hayupo, mfutie mtu huyo noti zake zote za mahali hapo. Usimpe nyingine. Mwache asikilize, akiingia tena baada ya vipimo kumi na sita vya kimya, hata mvuvi anayepita atageuza kichwa.

Majirani zako walikwisha kulifanya somo hili muda mrefu uliopita. Wapigaji wa benga walipohamishia mahadhi ya nyatiti kwenye magitaa ya umeme, D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, akiwa mmoja wa vinara wao, hawakumpa kila mpigaji nyatiti nzima. Gitaa la kuongoza lilijibizana na sauti ya mwimbaji, la pili likashika mahadhi ya katikati, besi ikaenda njia yake kwa kurukaruka, na kwa muda mrefu kila mmoja alibaki kwenye chumba chake. Ndipo sauti za waimbaji zilipokwisha na magitaa yakaachiwa uwanja, mbio zake zikawa na maana. Chukua rekodi yoyote nzuri ya Shirati Jazz, bendi ya Misiani, isikilize ukifuata besi peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha rudi utazame mstari wa selo yako.

Hatua ya 5: Kikate kile unachokipenda kuliko vyote

Kuna ukurasa mmoja unaoupenda. Ukiwapigia watu kazi yako, unawaangalia nyuso ukurasa huo unapokaribia. Huo ndio unaoizuia kazi kukamilika, kwa sababu umeupindisha utungo wote ili uufikie.

Utoe. Usiuchome, uweke kwenye bahasha, uiandike tarehe. Beethoven alipigiwa kwateti yake ya Opus 130 huko Vienna mwaka 1826, ikiishia na fyuga kubwa mno iliyowashinda wasikilizaji. Mchapishaji akaomba mwisho mwingine. Beethoven, ambaye hakuwa mtu wa kuombwa mara moja akakubali, aliandika mwisho mpya kabla mwaka haujaisha, na fyuga ile ikatolewa peke yake kama Opus 133. Leo dunia ina kazi mbili mahali palipokuwa na moja. Kilichotolewa hakikufa, kilipata nyumba yake.

Brahms alikuwa mkali zaidi. Inasemwa aliharibu kwateti zipatazo ishirini kabla ya kuridhika na mbili alizozichapisha mwaka 1873, akiwa na miaka 40. Sikushauri ufike huko. Ziwa hili lina taka za kutosha. Lakini kuna kwinteti yake moja ninayotaka uishike: kazi hiyo ilianza ikiwa ya ala tano za nyuzi, ikageuzwa kuwa ya piano mbili, na mwishowe ikatulia kama kwinteti ya piano. Muziki uleule ulihamishwa nyumba mara mbili hadi ulipopata mlango unaoutosha. Basi jiulize swali hilo mapema: je, ukurasa unaokusumbua ni mbaya, au umepewa ala isiyo yake? Mahadhi uliyoipa fidla, ipe orutu. Mkwaruzo wa uzi wake mmoja mara nyingi husema kwa noti tatu jambo ambalo fidla imelizunguka kwa thelathini.

Hatua ya 6: Fuata mwezi, na uheshimu mabati

Ratiba ya mazoezi ya Usenge haipangwi na mtunzi. Wavuvi wa omena hutoka usiku wenye giza, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta samaki; mwezi ukiwa mpevu, taa hushindwa kazi na wengi wao hubaki nyumbani. Kwa hiyo usiku wa giza ni wa meza na penseli. Mbalamwezi ni ya mazoezi ya wazi, maana hapo ndipo utakapopata wasikilizaji walio macho, wenye nafasi, na waliozoea kukesha.

Mchana una sheria zake. Upepo wa kutoka ziwani huanza kuvuma jua likipanda, na alasiri unaweza kuichukua sehemu ya tatu ya utungo wako ukaipeleka Bondo bila nauli. Sasa unajua kazi ya vibanio. Mazoezi ya asubuhi ni bora. Mvua ikija juu ya paa la mabati, acheni kupiga, mketi mnywe chai. Hakuna kwateti iliyowahi kuyashinda mabati, na wanaojaribu hujifunza tu kukamua ala.

Hewa ya ziwa nayo ni mtunzi mwenza. Unyevu hulegeza ngozi ya orutu, na mpigaji wake ataomba dakika chache za kuianika juani. Mpe. Fidla isifanyiwe hivyo hata kama inalia vibaya. Gundi yake haitakusamehe. Andika kwenye ratiba ya onyesho mahali pa kukaza nyuzi, kati ya sehemu ya pili na ya tatu, na uwaambie wasikilizaji wazi kwamba mnakaza nyuzi. Wataelewa, wanaishi na nyavu.

Pitia pia alama zako za sauti ya chini. Daftari lako lina ngazi sita kati ya kunong'ona na kupiga kelele. Injini ya mashua ikipita, jogoo akiwika, bodaboda akimwita abiria, ngazi tatu za chini hazisikiki kabisa. Zibakishe mbili: ya karibu na ya mbali. Ukitaka kunong'ona, punguza idadi ya wapigaji. Mpigaji mmoja anayepiga kwa kujiamini huonekana mnyenyekevu kuliko watano wanaonyata.

Hatua ya 7: Kubali kukatizwa

Tumefika penyewe.

Katika thum, muziki wa nyatiti wa Waluo, msikilizaji ana haki ya kuusimamisha muziki. Desturi hiyo huitwa pakruok. Mtu huinuka, humtunza mpigaji, na muziki hushuka au kusimama. Hapo mtu huyo hujisifu: jina lake, kwao, rafiki zake, mama aliyemzaa, samaki aliowavua, watoto aliosomesha. Watu hucheka, hupiga vigelegele, kisha muziki hurudi pale ulipokuwa, na mara nyingi hurudi na moto zaidi. Mwingine naye huinuka.

Mtunzi aliyefunzwa kwa nota husikia habari hii na kushika kifua. Amechukua miezi kuunganisha kipimo cha themanini na cha themanini na moja, na sasa mfanyabiashara wa mbuta atasimama katikati yao kueleza habari za ng'ombe wake. Ndugu mtunzi, mfanyabiashara huyo ndiye mhariri uliyekuwa ukimtafuta.

Fanya hivi. Chagua mahali patatu katika utungo ambapo unaweza kukatizwa. Kwa kila mahali, andika mzunguko mfupi wa vipimo vinne, nyatiti na selo tu, unaoweza kurudiwa bila kikomo chini ya sauti ya mtu anayesema. Amua nani atatoa ishara ya kurudi. Mpe jathum kazi hiyo, kwa kuwa ameifanya maisha yake yote. Wafundishe wale wengine kuweka upinde magotini, kumtazama anayesema na kucheka anapochekesha. Kisha, ishara ikitolewa, wote waingie.

Waalike watu usiku wa mbalamwezi. Waambie wako huru. Halafu usikilize mambo matatu.

La kwanza, angalia wanakukatiza wapi. Umechagua mahali patatu. Wao watachagua pao. Wakikukatiza kipimo cha hamsini badala ya cha themanini, wamekuonyesha pumzi ya kweli ya muziki wako ilipo. Hamisha mzunguko.

La pili, sikiliza muziki unavyorudi. Utungo imara ukisimamishwa hurudi kama mtu aliyekuwa akienda mahali. Utungo dhaifu hurudi ukitangatanga, kwa sababu ulikuwa ukiendelea kwa mazoea tu, na ukimya umeufichua. Vipimo vinavyofuata baada ya kila kukatizwa ndivyo vya kuandikwa upya. Hivyo tu. Kila kitu kingine kiache. Hili ndilo litakalokuponya ugonjwa wa kubadili noti moja usiku kucha, maana sasa una ramani: unajua wapi pana jeraha na wapi ulikuwa ukijikuna tu.

La tatu, sikiliza wanachoimba wakienda nyumbani. Mama anayeanika omena akikuambia asubuhi, "Japuonj, ile ya mwisho mbona umeikata kabla haijafika kwao?" usimweleze nadharia. Mwombe aiimbe ifike. Mrekodi kwa ruhusa yake. Nne kati ya noti zake zinaweza kuwa mwisho uliokuwa ukiutafuta.

Kuhusu pesa za pakruok: kubalianeni kabla. Zigawanywe sawa kwa wapigaji wote watano. Mtunzi hapati kitu hapo, kwa sababu hakupiga.

Hatua ya 8: Andika majina, yote

Kazi haijakamilika kama ukurasa wa kwanza una jina moja. Utungo wako una nyuzi za jathum, mkwaruzo wa mpiga orutu, na pengine noti nne za mama wa ufuoni. Waandike. Kama kuna mahadhi ya ukoo au ya msibani, omba ruhusa ya wazee kabla ya kuyatumia, na ukikataliwa, yafute. Kenya ina Sheria ya kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi za muziki. Kaa na wenzako, pangeni mgao wa kila mmoja, muuweke kwa maandishi, msajili pamoja. Mfanye hivyo kabla ya onyesho la kwanza, wakati kila mtu bado anampenda mwenzake.

Huu si ukarimu wa ziada. Wimbo wa Taifa wa Kenya wa mwaka 1963 ulijengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na waliouandaa walikuwa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa utafiti wa nyatiti. Watu watano walimaliza kazi moja ambayo nchi nzima huiimba imesimama. Wewe una sehemu nne na dakika ishirini. Huwezi kudai ulizimaliza peke yako.

Hatua ya 9: Toa nakala, uondoke

Sasa fungua kompyuta. Ingiza mabadiliko yote kwa siku moja, bila kuongeza wazo jipya hata moja. Mawazo mapya yaende kwenye bahasha ya Hatua ya 5. Tengeneza karatasi ya kila mpigaji, hakikisha ukurasa unageuzwa mahali pa kimya, chapisha kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa taa ya sola. Jathum hataki karatasi; mpe rekodi safi ya mazoezi. Peleka nakala Chuo Kikuu cha Maseno, ambako muziki unafundishwa, na nyingine Conservatoire ya Muziki ya Kenya, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944. Wanafunzi wa nyuzi wapo, na kila mwaka Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwaibua wengine. Wanakosa kazi za kwao za kupiga.

Nakuambia haya kwa uchungu wa kweli. Mwaka 1992 Kronos Quartet ya Marekani ilitoa albamu ya *Pieces of Africa*, na ndani yake imo sehemu ya kwanza ya *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, kwateti ya Mganda Justinian Tamusuza. Albamu hiyo ilipanda hadi kileleni mwa chati za Billboard za muziki wa klasiki na wa dunia. Fidla, viola na selo zilikuwa zikisema Kiganda, na watu wa mbali walielewa. Hilo liliwezekana kwa sababu Tamusuza alifika mahali akasema imetosha, akaitoa kazi mikononi mwake. Lau angekaa nayo akishusha na kupandisha noti moja, tusingekuwa na mfano huo wa kuwaonyesha vijana. Ni kazi ngapi za nyatiti na orutu zimelala madaftarini kati ya Bondo na Homa Bay, zikingoja ukamilifu ambao hakuna msikilizaji aliyeuomba?

Jinsi ya kujua kwamba umemaliza

Umemaliza wapigaji wakianza kupingana kuhusu utungo bila kukuuliza wewe. Umemaliza mpiga selo akikosea na jathum akamwokoa, na wote wakafika pamoja. Umemaliza kazi ikiweza kusimamishwa mahali popote na mtu yeyote mwenye shilingi mia na jambo la kusema, kisha ikarudi ikijua inakokwenda.

Ukifika hapo, usiandike tarehe ya siku uliyoweka penseli chini. Siku hiyo haikuwa na shahidi. Chini ya mstari wa mwisho andika Usenge, tarehe ya usiku ilipopigwa mbele za watu, na jina la mtu wa kwanza aliyekukatiza.